Mbona Hakupiga Kelele?

Habari ya mtu kubakwa ikisambaa mtaani, anayehojiwa kwanza ni aliyebakwa. Mbona hakupiga kelele? Alikuwa anatoka wapi saa hizo? Mvulana naye huulizwa yeye ni mwanaume wa aina gani. Waulizaji hudhani wanatafuta ukweli, kumbe kitabibu swali la kelele halina mashiko.

Hatari ikizuka ghafla, ubongo hauitishi kikao. Mtu hupigana, hukimbia au huganda. Aliyeganda anaona na kusikia kila kitu, ila mkono haunyanyuki na sauti haitoki. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2017 uliwahusu wanawake 298 waliofika kwenye kliniki ya dharura ya waliobakwa jijini Stockholm. Asilimia 70 walieleza kwamba waliganda kwa kiwango kikubwa wakati wa tukio. Miezi sita baadaye, walioganda ndio walioelemewa zaidi na kiwewe na sonona.

Sheria ya Tanzania haidai kelele wala michubuko. Tangu marekebisho ya mwaka 1998, kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinasema si lazima kuwe na ushahidi wa kujitetea, kama vile majeraha mwilini, ili kuthibitisha kwamba ridhaa haikuwepo. Wanaodai michubuko ni majirani.

Hasara ya lawama huhesabiwa kwa saa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, yaani PEP, huanzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Humezwa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo mwisho wake ni siku 5. Binti anayejua kwamba mama mkubwa ataanza na urefu wa sketi yake atanyamaza. Ataoga, atafua nguo, atajifunika shuka. Akija kusema wiki ya pili, muda wa PEP umepita na ushahidi umekwenda na maji ya beseni. Hapo atalaumiwa upya, safari hii kwa kuchelewa.

Kwa hiyo mtu akikueleza, mwambie: “Pole. Nakuamini. Twende hospitali.” Asioge kwanza. Nguo alizovaa zisifuliwe. Zitiwe kwenye bahasha ya kaki, si mfuko wa plastiki, maana unyevu huharibu vielelezo. Penye Kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi na ofisa ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja. Kwingine, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, upate fomu ya PF3 ambayo daktari ataijaza. Aliyeumizwa akiwa mtoto, piga 116.

Aliyechelewa naye apelekwe. Saa 72 zikipita, bado kuna matibabu ya magonjwa ya zinaa, kipimo cha mimba, ushauri nasaha, na jalada la kesi la kufunguliwa.