Kweli au Si Kweli: Foleni ya Uhamiaji Ukishuka Meli ya Kitalii

Kwa Watanzania, Wakenya na Wakongo wengi wanaoishi Texas, meli ya kitalii imekuwa likizo ya karibu kuliko nyumbani. Houston hadi bandari ya Galveston ni kama kilomita 80. Mnaegesha gari mchana, jioni mko baharini mnaelekea Cozumel, watoto wako kwenye bwawa na chakula kimeshalipiwa. Kinachoguniwa ni asubuhi ya kurudi, maelfu ya watu wanaposhuka kwenda kumkabili afisa wa uhamiaji. Kuhusu asubuhi hiyo yanasemwa mengi, na mengine hayana kichwa wala miguu. Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi, kuanzia Galveston hadi Miami.

“Ukiwahi mlangoni alfajiri, unashuka wa kwanza.” Si kweli.

Meli hufunga gati kabla jua halijachomoza, lakini hakuna abiria anayekanyaga ngazi mpaka maafisa wa Marekani waipe meli ruhusa. Majina hawayaoni mara ya kwanza asubuhi hiyo. Kwa safari ndefu, taarifa ya kuwasili pamoja na orodha ya abiria na mabaharia hutumwa saa 96 kabla meli haijafika. Ruhusa ikitoka, huanza wale waliochagua kubeba mizigo yao wenyewe. Wengine huitwa kwa namba au rangi ya lebo waliyofunga kwenye mabegi usiku, walipoyaacha nje ya mlango wa chumba. Anayekwenda kusimama kwenye korido saa kumi na mbili asubuhi, kikombe cha kahawa mkononi, anawazibia njia wenzake tu.

Zaidi ya hapo, wingi wa foleni unatokana na haraka yetu. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami Januari 2024, inachukua abiria 5,610 kwa hesabu ya watu wawili kila chumba, na ikijaa kabisa 7,600. Nusu yao wakiamua kwamba wakati mzuri wa kushuka ni saa moja kamili, hata maafisa waongezwe mara mbili hawatafua dafu. Kama ndege yako ni ya alasiri, kaa unywe chai. Ila usijisahau mpaka saa nne: meli haianzi kupandisha abiria wapya mpaka hesabu ya wa zamani ifike sifuri, na aliyebaki atalisikia jina lake kwenye vipaza sauti, limetamkwa ovyo, mara tatu.

“Kila bandari mnayotia nanga kuna foleni ya uhamiaji.” Si kweli, na hapa ndipo penye mtego.

Nassau au Cozumel mambo ni mepesi. Unapitisha kadi ya meli kwenye mashine, unatunza kitambulisho chenye picha mfukoni, unashuka, unatembea. Nchi mnayoitembelea imeshapokea orodha ya abiria kutoka melini, na mara nyingi hakuna anayeifungua pasipoti yako, seuze kuigonga muhuri. Foleni utakayoikuta wakati wa kurudi melini ni ya kukagua mifuko, walinzi wakitafuta visu na chupa.

Halafu kuna jambo ambalo sisi tuliozoea mipaka ya kwetu hatulitarajii. Ukitoka Tanzania kupitia Namanga au uwanja wa Julius Nyerere, unakutana na dirisha la afisa na muhuri wa kutoka. Marekani haina dirisha la namna hiyo. Unapopanda meli Galveston, anayekagua hati zako ni mfanyakazi wa kampuni ya meli. Kwa hiyo mtu hagongwi muhuri wa kutoka, hagongwi muhuri wa kuingia Meksiko, anakaa siku saba anakula na kuogelea, na anaanza kuamini kwamba hajaenda popote. Afisa wa kwanza wa uhamiaji atakayemtazama usoni ni yule wa kurudi.

“Meli ikirudi bandari ile ile, kisheria hujatoka Marekani.” Si kweli hata kidogo.

Katika maneno yote niliyoyataja na nitakayoyataja, hili ndilo linaloweza kumharibia mtu maisha.

Karibu meli zote kubwa za kitalii zinazoondoka Florida na Texas zinapeperusha bendera za nje, kama Bahamas au Panama. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazuia meli za namna hiyo kusafirisha abiria kati ya bandari za Marekani peke yake, kwa hiyo ratiba ni lazima ipitie nchi nyingine. Ndiyo maana hata meli za Alaska zinazoanzia Seattle hupitia Victoria, Kanada, mara nyingine jioni na kwa saa chache tu. Kwa maneno mengine, safari yenyewe imepangwa ili utoke nchini. Na ukishatoka, kurudi ni kuomba kuingia upya.

Raia hana cha kuhofia hapo. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, yaani grinikadi, kwa kawaida naye hupita. Mashaka yako kwa waliobaki.

Mkimbizi au aliyepewa hifadhi, ambaye bado hana grinikadi, anahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi. Huombwa kwa fomu I-131 kabla ya kuondoka, na hudumu mwaka mmoja. Wakongo na Warundi wengi wa Texas wameingia nchini kwa njia hii, na ndio ninaowawazia zaidi ninapoona matangazo ya safari za siku nne kwa bei ya kutupa. Barua ya kupewa hifadhi pamoja na leseni ya udereva havitoshi kukurudisha.

Ambaye ombi lake la hifadhi bado linasubiri uamuzi yuko pabaya zaidi. Akitoka bila kibali cha kurudi kilichotolewa kabla ya safari, ombi lake linachukuliwa kuwa ameliacha. Mtu aliyeoa au kuolewa na anangoja grinikadi akiwa ndani ya nchi naye, mara nyingi, yuko kwenye hatari hiyo hiyo. Siku nne za kula kamba kwenye meli, na miaka ya kungoja imefutika.

Mwanafunzi wa chuo ambaye viza iliyo ndani ya pasipoti imeisha muda ana mlango mmoja mdogo. Sheria inamruhusu kurudi na viza iliyoisha kama amekwenda Kanada, Meksiko au visiwa vya karibu, Kuba ikiwa haimo, kwa siku zisizozidi 30, na kama rekodi yake ya kuingia (I-94) na karatasi za chuo ziko hai, na hajaomba viza mpya akiwa nje. Sasa tazama ratiba za Galveston. Nyingi hutia nanga Cozumel, kisha Belize au Roatán. Roatán ni ya Honduras. Honduras na Belize hazimo kwenye orodha hiyo. Meli ni ile ile, wiki ni ile ile, lakini bandari moja ya ziada inaufunga mlango.

“Cheti cha kuzaliwa kinatosha.” Nusu kweli.

Kinatosha kwa raia wa Marekani, kwa safari inayoanza na kuishia bandari ile ile ya Marekani. Aliye mtu mzima aongeze kitambulisho cha serikali chenye picha. Mtoto raia aliye chini ya miaka 16 hupita na cheti peke yake, hata kikiwa nakala. Ndiyo maana utaona familia moja mezani kwa afisa ikiwa na kila aina ya hati: watoto wawili waliozaliwa Houston na vyeti ndani ya bahasha ya plastiki, baba na pasipoti ya bluu, mama na pasipoti ya Kenya na grinikadi juu yake. Mama akiacha kadi hiyo nyumbani, vyeti vya wanawe havimsaidii kitu.

Hata kwa raia, cheti kina udhaifu wake. Mkichelewa kurudi melini Cozumel na meli ikang'oa nanga, itabidi mrudi kwa ndege, na tangu mwaka 2007 ndege inataka pasipoti. Kuna pia nchi njiani zenye masharti yao. Mwenye uwezo amtafutie mwanawe pasipoti, yaishe.

“Kamera za uso ndizo zinazochelewesha, afadhali ukatae.” Si kweli.

Katika bandari nyingi za Marekani siku hizi unasimama mbele ya kamera, mashine inalinganisha sura yako na picha iliyomo kwenye kumbukumbu za pasipoti au viza, na kama hakuna neno afisa anakuashiria upite. Raia ana haki ya kukataa na kuomba akaguliwe hati zake kwa mkono. Asiye raia hana hiari hiyo. Wanaokwama mara nyingi ni wale wa cheti cha kuzaliwa: mashine haina picha ya pasipoti ya kulinganisha, kwa hiyo afisa anashika karatasi na kusoma. Vua kofia na miwani kabla hujafika mbele, na mwenye mtoto aliyelala amwamshe mapema.

“Ile programu ya simu ya kuwahisha ukaguzi inalipiwa, na ni ya viwanja vya ndege tu.” Si kweli.

Mobile Passport Control ni ya bure, na inafanya kazi pia katika bandari za Miami, Port Everglades, Palm Beach na San Juan. Raia na wenye grinikadi wanaruhusiwa kuitumia. Aliyekuja na pasipoti ya Tanzania au Uganda yenye viza ya matembezi haimhusu, asipoteze muda kuipakua.

“Cha melini ni changu, nashuka nacho.” Si kweli kwa matunda.

Tofaha lililochukuliwa mezani wakati wa kifungua kinywa, likatiwa kwenye mkoba wa mtoto na kusahaulika, limeshaharibu asubuhi za watu wengi. Mbwa wa ukaguzi analinusa kabla hujafungua zipu. Ukilitaja mwenyewe, kibaya kabisa ni kunyang'anywa. Ukilificha, faini kwa kosa la kwanza inaweza kufika dola 1,000. Fedha taslimu nazo hazikatazwi, ila zikizidi dola 10,000 lazima uziripoti.

Na vito je? Ukitembea kwenye maduka ya bandarini Cozumel au Nassau, utashangaa kukuta tanzanaiti imepangwa kwenye kabati za kioo. Ni jiwe linalochimbwa Mererani, mkoani Manyara, wala halichimbwi kwingine popote duniani, na Mtanzania anauziwa hapo na mtu asiyejua Manyara iko upande gani. Ukinunua, kumbuka kwamba lile bango la “bila ushuru” ni ushuru wa nchi hiyo. Marekani inakusamehe bidhaa za hadi dola 800 kwa kila mtu, na kilichozidi unakitaja.

“Ukipelekwa chumba cha pembeni, umekamatwa.” Si kweli.

Ni ukaguzi wa pili. Jina limefanana na la mtu mwingine, na majina yetu yanafanana mno, au karatasi moja inahitaji kusomwa bila kuwazuia waliopo nyuma. Jibu unachoulizwa, usiongeze hadithi, wala usitoe simu.

“Mabaharia wao hawana foleni.” Si kweli.

Kijana wa Mombasa anayekuhudumia mezani naye anakaguliwa, kwa viza yake maalumu ya wafanyakazi wa melini, na kibali chake cha kukanyaga nchi kavu hakizidi siku 29. Mara nyingi ana saa chache tu za kushuka, kutuma fedha nyumbani na kurudi kazini kabla abiria wapya hawajafika. Umpishe.

“Kampuni imenipandisha, maana yake hati zangu ziko sawa.” Si kweli.

Anayekukagua siku ya kupanda anatazama kama una hati zinazotajwa kwenye orodha yake. Hajui ombi lako la hifadhi limefikia wapi, wala si kazi yake kujua. Mkataba wa tiketi unasema wazi kwamba hati ni jukumu la abiria, na atakayerudishwa bandarini siku ya safari hana haki ya kudai fedha zake. Wakala aliyekuuzia safari naye si mwanasheria, hata awe shemeji yako. Kwa hiyo kama huna uraia wala grinikadi, chukua ratiba ya meli yenye majina ya bandari zote, umwonyeshe mwanasheria wa uhamiaji kabla hujalipa hata ile arubuni.