Maumivu ya nyonga baada ya uzazi: mazoezi ndiyo tiba yenyewe

Katika majengo ya kupangisha ya Ruiru, mengi yakiwa hayana lifti, ngazi ndizo humfichulia mama kwamba nyonga yake haijapona. Mtoto amefikisha miezi minane na chanjo zake zinaendelea vizuri, lakini kila mama akipanda kuelekea orofa ya nne anashikwa na maumivu upande mmoja wa chini ya mgongo, karibu na tako, au mbele juu ya kinena. Usiku akijigeuza kitandani, maumivu yanamwamsha. Akitaka kupanda matatu ya kwenda Thika, hushika mlango kwanza ndipo ainue mguu. Wengi huambiwa kuwa hayo ni mambo ya kawaida ya uzazi, wakanyamaza.

Ni kawaida kwa kiasi. Takriban mwanamke mmoja kati ya watano hupata maumivu haya akiwa mjamzito, na kwa walio wengi huisha katika miezi michache baada ya kujifungua. Yakizidi miezi mitatu bila kupungua, hayafai kuvumiliwa tena, kwa maana yana tiba.

Mifupa ya nyonga huunda kitu kama pete, na pete hiyo imeungwa mahali patatu. Viungo viwili viko nyuma, kushoto na kulia, pale nyonga inapokutana na mwisho wa uti wa mgongo. Cha tatu kiko mbele, juu ya kinena. Viungo hivi havikunjiki kama goti. Husogea nyuzi chache tu, vikishikiliwa na kano ngumu pamoja na misuli ya tumbo, mgongo, matako na sakafu ya nyonga. Kila hatua mtu anayopiga, uzito wa kiwiliwili chote hupitia hapo. Ujauzito hulegeza kano na kunyoosha misuli ya tumbo, na baada ya uzazi misuli hiyo huenda isirejee kufanya kazi kwa pamoja. Maumivu yakikaa muda mrefu, mishipa ya fahamu nayo huwa myepesi kushtuka, hata jambo dogo likauma kama jeraha jipya.

Hapa ndipo penye dhana potovu inayowagharimu wengi. Mama huambiwa kwamba nyonga "imefunguka" au "imetoka", kisha hukandwa kwa nguvu na kufungwa leso kwa wiki nyingi huku akikatazwa kutembea. Katika hali nyingi hakuna kilichotoka mahali pake. Kulala tu huidhoofisha zaidi ile misuli inayohitajika. Mkanda wa nyonga unaweza kusaidia kwa muda mfupi, kwa mfano wakati wa kutembea, lakini hauwezi kuwa tiba peke yake. Vivyo hivyo vidonge vya diklofenaki vinavyonunuliwa dukani kila wiki: hupunguza maumivu kwa saa kadhaa, na vikitumiwa mfululizo bila ushauri vinaweza kuumiza tumbo na figo.

Ushahidi wa mazoezi upo. Mwaka 2004 watafiti wa Norway walichapisha matokeo ya wanawake 81 waliokuwa na maumivu ya nyonga baada ya ujauzito. Wote walipata huduma ya fiziotherapia, ila kundi moja lilipewa mazoezi maalumu ya kuimarisha misuli inayoshikilia nyonga, kwa wiki 20. Kundi hilo lilibaki na maumivu machache zaidi, na tofauti hiyo ilikuwa ingalipo mwaka mmoja baadaye. Si kila utafiti uliofuata ulipata matokeo mazuri kiasi hicho. Ndiyo sababu karatasi ya mazoezi pekee haitoshi: mazoezi huchaguliwa kulingana na mtu, hufuatiliwa, na huongezwa uzito kadiri anavyopata nguvu.

Kwa hiyo mtaalamu wa fiziotherapia huanza kwa kupima. Mojawapo ya vipimo ni rahisi kabisa: mgonjwa hulala chali, magoti yakiwa yamenyooka, kisha huinua mguu mmoja kama sentimita 20. Mguu ukiwa mzito kama gogo upande unaouma, halafu ukawa mwepesi mtaalamu anapoibana nyonga kwa mikono, hiyo ni dalili kwamba misuli haiishikilii nyonga inavyopaswa.

Mazoezi ya mwanzo huonekana madogo mno, na ndiyo maana wengi huyadharau. Kuvuta ndani sehemu ya chini ya tumbo bila kubana pumzi. Kukaza sakafu ya nyonga kama mtu anayezuia mkojo, kisha kuiachia kabisa. Kubana mto katikati ya magoti. Baadaye huja kuinua matako ukiwa umelala chali, kuinua mguu ukiwa umelala ubavu, na mwishowe kuchuchumaa na kupanda kidato kimoja kimoja. Maumivu madogo wakati wa zoezi si ishara ya madhara. Kinachoangaliwa ni asubuhi inayofuata: yakiwa yamezidi kuliko jana, zoezi hupunguzwa, haliachwi.

Wanaoacha huacha mara nyingi wiki ya pili au ya tatu, wakisema hawaoni tofauti. Ni mapema mno, kwa kuwa misuli huhitaji wiki nyingi kupata nguvu.

Kazi za nyumbani nazo zinahitaji kupangwa upya. Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na ukibebwa kwa mkono mmoja huvuta nyonga upande. Afadhali mitungi miwili ya lita kumi, mmoja kila mkono. Suruali ivaliwe mtu akiwa ameketi. Kitandani, magoti yabanwe pamoja kabla ya kugeuka. Kutanua miguu juu ya bodaboda huweza kuzidisha maumivu ya mbele, kwa hiyo kwa wiki za mwanzo matatu ni nafuu.

Kuna dalili zinazotaka hospitali siku hiyo hiyo: ganzi kati ya mapaja, kushindwa ghafla kuzuia mkojo au choo, au miguu kulegea. Homa, kutokwa na jasho usiku na kukonda pia huhitaji daktari haraka, maana kifua kikuu huweza kushambulia mifupa na viungo. Kijana, mwanamume au mwanamke, anayeamka akiwa amekakamaa mgongo kwa zaidi ya nusu saa na kupata nafuu akitembea, achunguzwe ugonjwa wa uvimbe wa viungo.

Safari ya matibabu huanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako mgonjwa hupewa barua ya rufaa kwenda hospitali yenye fiziotherapia, kama vile Thika Level 5. Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF, na usajili unaweza kufanywa kwa simu kupitia *147#. Inafaa mgonjwa aulize dawati la SHA hospitalini ni huduma zipi zinalipiwa kabla ya kikao cha kwanza. Aende na Kijitabu cha Mama na Mtoto, orodha ya dawa anazotumia, na nguo pana inayomruhusu kulala chali na kuinua mguu.