Istilahi za Kufundishia Makisio ya Hali ya Hewa: Mfano wa Isiolo

1. Utangulizi

Makusudio ya makala haya ni kuchunguza jinsi Kiswahili kinavyoweza kutumika kumfundisha mwanagenzi ufundi wa kukisia hali ya hewa kwa mahesabu, hasa ile hatua ya kuyaunganisha mahesabu hayo na vipimo vilivyochukuliwa uwanjani. Isiolo imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni nchi kame itegemeayo mifugo. Mvua za misimu mitano mfululizo zilipungukiwa, tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022. Kisha mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zikaleta mafuriko. Pili, Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru waishio huko husikilizana kwa Kiswahili sokoni na barazani, ilhali taarifa za kitaalamu za hali ya hewa kwa kawaida huandikwa kwanza kwa Kiingereza. Neno likikosewa njiani, mwenye kulipa ni mwenye ng'ombe.

2. Asili ya Ufundi Wenyewe

Mnamo 1904 Vilhelm Bjerknes wa Norway alieleza kwamba hewa ya kesho yaweza kukokotolewa kwa kanuni za fizikia, mradi hali ya leo ijulikane kwa usahihi wa kutosha. Mwingereza Lewis Fry Richardson aliyajaribu hayo kwa mkono na kuyachapisha mwaka 1922. Alikokotoa mabadiliko ya kanieneo ya hewa kwa muda wa saa sita tarehe 20 Mei 1910 mahali pamoja huko Ujerumani, akapata milibari 145, hali kanieneo halisi haikubadilika ila kidogo mno. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba kanuni zake hazikuwa na kasoro kubwa. Ila vipimo alivyoanzia havikuwa vimesawazishwa. Hapo ndipo ulipo msingi wa somo hili: mahesabu mazuri yaliyoanzia pabaya huishia pabaya.

3. Zoezi la Mwanagenzi

Somo hili halihitaji kuanzia kwenye kompyuta. Karatasi, kalamu na kipimajoto vyatosha. Tuchukue mfano wa kubuni. Kielelezo cha mahesabu chakisia kwamba joto la adhuhuri mjini Isiolo litakuwa nyuzi 30, na kwa desturi hukosea kwa nyuzi 2. Kipimajoto chaonyesha nyuzi 34, nacho hukosea kwa nyuzi 1. Je, mwanagenzi ashike lipi?

Jibu ni kwamba asilitupe lolote. Kila upande hupewa uzito kwa kadiri ya uaminifu wake, na kosa hupimwa kwa mraba wake: 4 kwa kisio na 1 kwa kipimo. Basi kipimo hupata sehemu 4 kati ya 5, na kisio sehemu 1. Jawabu ni nyuzi 33.2. Ikiwa makosa ya pande hizo mbili hayategemeani, kosa linalotazamiwa katika jawabu hilo ni takriban nyuzi 0.9, yaani dogo kuliko la kipimajoto peke yake. Hata shahidi dhaifu ana la kuongeza. Jawabu hilo ndilo huwa mwanzo wa mahesabu ya zamu inayofuata. Katika kaunti yenye kilometa za mraba zaidi ya 25,000 na vituo vichache, ni kisio linaloziba mapengo baina ya kituo na kituo.

4. Swala la Istilahi

Mwanaisimu aweza kushawishika kuiita hatua hii usilimisho, kwa kuwa istilahi hiyo yatumika katika fonolojia. Lakini katika usilimisho wa sauti, sauti moja huchukua tabia ya jirani yake. Katika zoezi lililotangulia hakuna upande uliomezwa na mwenziwe. Neno usuluhishi lafaa zaidi, kwani mzee wa baraza husikiliza mashahidi wawili, akampima kila mmoja kwa sifa zake, kisha akatoa uamuzi usiokuwa wa yeyote kati yao. Hivyo yapendekezwa usuluhishi wa kisio na kipimo.

Neno utabiri nalo lataka hadhari. Limezoeleka, wala haliwezi kuondolewa. Lakini hubeba harufu ya uaguzi, na mtabiri aliyekosea huhesabiwa kuwa mwongo. Taarifa ya msimu isemapo kwamba pana uwezekano wa asilimia 45 wa mvua kuzidi wastani, haisemi mvua itakuwa nyingi, wala haitaji kiasi chake. Yasema tu kwamba katika misimu 100 ya namna hiyo, yapata 45 huzidi wastani. Neno kisio humwandaa msikilizaji kwa misimu 55 iliyobaki.

Majina ya misimu pia ni ya kuangaliwa. Masika na vuli ni maneno ya pwani. Mborana ana ganna na hagayya, pamoja na bona na adolessa kwa nyakati za ukavu. Mfasiri asiyeyajua hayo aweza kuitangaza mvua katika msimu usiokuwa wake.

5. Hitimisho

Istilahi hizi zisiingizwe kamusini kabla ya kujaribiwa. Wanagenzi wafanye zoezi la kipimajoto kwa Kiswahili, kisha kila mmoja amweleze mfugaji matokeo yake, naye mfugaji aulizwe amesikia nini. Ikiwa atajibu kwamba ameahidiwa mvua, basi istilahi imeshindwa, hata kama mahesabu ni sahihi.