Sura ya Babu kwa Rangi za Maji: Wanazuoni Wasemaje?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, miongoni mwa maswali tunayoletewa katika darsa ni hili: binti ameichora sura ya babu yake marehemu kwa rangi za maji, mama yake ameifurahia, baba mdogo ameichana, na sasa ndugu hawasemezani. Tumeona tulitazame suala hili kwa utulivu, kwani kuunga udugu ni wajibu usio na shaka, ilhali suala la picha lina hitilafu ya tangu zamani.

Hoja ya wanaokataza ni nzito. Imepokewa katika Sahihi za Bukhari na Muslim kwamba watengenezao sura wameonywa adhabu kali Siku ya Kiyama, na watatakiwa wavitie uhai walivyoviunda. Imam Nawawi, mmoja wa nguzo za madhehebu ya Shafii, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ameeleza kuwa wanazuoni wengi wanaharamisha sura ya chenye roho, iwe na kivuli kama sanamu au isiwe nacho.

Kwa upande wa pili, al-Qasim bin Muhammad, mjukuu wa Abubakar na mmoja wa mafakihi saba wa Madina, amepokewa akiruhusu sura isiyo na kivuli. Katika madhehebu ya Maliki wapo wengi walioihesabu kuwa makruhu, si haramu. Sheikh Yusuf al-Qaradawi, aliyefariki mwaka 2022, naye alielekea kwenye wepesi huo kwa masharti.

Basi anayekataza afanyeje? Na aige adabu ya Ibn Abbas (R.A.). Alijiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa kuchora. Alimpa onyo kama alivyolisikia kwa Mtume (S.A.W.), na alipoiona hofu yake akamwonyesha njia nyingine: achore miti na visivyo na roho. Hakumfungia mlango bila kumfungulia mwingine.

Mlango huo uko wazi kwa binti yetu. Na aichore bakora ya babu, kofia yake ya viua, dele lake la kahawa na kiti kitupu barazani. Aliyemjua babu atamtambua hapo. Vifaa vyake navyo havina ubaya: ni rangi iliyosagwa ikashikizwa kwa gundi ya mgunga, ambayo kwa wingi hutoka Sudan. Weupe wa picha ni karatasi yenyewe, hivyo huanza na rangi nyepesi na kukoleza polepole, maana iliyokwisha kukolea haifutiki kwa urahisi. Neno kali mbele ya mtoto nalo ni hivyo hivyo.

Na familia iliyochukua rai ya wepesi ichunge mipaka: aliye hai aombwe idhini, sitara ihifadhiwe, picha isitundikwe mahali pa kuswalia, wala ya marehemu isitukuzwe. Marehemu anahitaji dua na sadaka zaidi kuliko fremu ukutani.

Mwenye kujizuia amechukua tahadhari, na tahadhari ni njema. Lakini asimhukumu nduguye kuwa fasiki kwa jambo walilohitilafiana wanazuoni, wala asikate udugu kwa ajili ya karatasi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.