Mama Anapoacha Pombe, Mtoto Asisahauliwe

Hapa Moiben, mama aliyezoea chang'aa huweza kuogopa matibabu asije akanyang'anywa mtoto. Hivyo hujaribu kuacha kisirisiri. Jambo hili ni la hatari. Anayekunywa sana kila siku akiacha ghafla bila dawa huweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, kushikwa na kifafa, hata kufa. Afike kwanza kituo cha afya. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, ina kitengo cha kutibu waraibu.

Nyanya au shangazi amtunze mtoto na kumpeleka amwone mamake. Mama asiye na wasiwasi humaliza matibabu. Pombe huingia katika maziwa: aliyelewa asinyonyeshe, wala asilale kitanda kimoja na mtoto. Akirudi nyumbani, msimsimange.