Soda Mezani, Sukari Mwilini

Desturi yetu watu wa Pwani ni kumkirimu mgeni kabla ya kumuuliza haja yake. Zamani aliyebisha hodi alipewa maji ya mtungi, au dafu lililoangushwa papo hapo. Siku hizi mtoto hutumwa mbio dukani, na mgeni aliyewekewa maji matupu huondoka akinung'unika kwamba hakuthaminiwa. Hapa Kona ya Musa kreti za soda hupakiwa kwenye tuktuk kuelekea harusini, ilhali minazi imesimama uani na madafu yanazeeka juu yake.

Makala haya hayakusudii kuharamisha kilicho halali. Twazungumzia kipimo. Soda ya kawaida ya kola huwa na sukari gramu kama 10 katika kila mililita 100. Kwa hivyo chupa ya mililita 300 ina gramu 30 hivi, yaani vijiko saba vya chai, na ya nusu lita hukaribia vijiko 12. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya namna hii, pamoja na iliyomo katika asali na maji ya matunda yaliyokamuliwa, isizidi asilimia 10 ya nguvu tuipatayo kwa chakula cha siku, na ni bora zaidi ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Chupa moja ndogo imeshavuka hapo, na bado hatujahesabu chai ya asubuhi wala kaimati. Ni mama gani angemtilia mwanawe vijiko saba katika kikombe kimoja? Lakini baridi na ukali wa tindikali huuficha utamu, na tindikali hiyo hiyo hula meno.

Ndipo wengi wetu, hasa wenye wagonjwa nyumbani, tukakimbilia zilizoandikwa "Zero" au "Light". Hizo hutiwa vikoleza utamu kama aspatame, ambayo utamu wake ni kama mara 200 ya sukari. Mwezi Mei 2023 shirika lilo hilo lilishauri watu wasivitegemee vikoleza hivyo ili kupunguza uzito, kwa kuwa faida ya muda mrefu haikuonekana. Ushauri huo haukuwahusu walio na kisukari tayari. Mwezi Julai aspatame ikawekwa katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa ushahidi hafifu, na kiwango kinachoruhusiwa hakikubadilishwa: mtu wa kilo 70 angepaswa kunywa makopo tisa au zaidi kwa siku ndipo akivuke. Basi tusitiane hofu kupita kiasi.

Hofu yangu mimi iko kwingine. Jirani yetu mmoja ana kisukari na hudungwa insulini. Alasiri moja alianza kutetemeka, jasho likamtoka, maneno yakampotea. Binti yake alikumbuka kwamba sukari ikishuka mgonjwa hupewa soda. Akafungua iliyokuwemo katika friji. Ilikuwa Zero, kwani kwa ajili ya mama hapakununuliwa nyingine humo ndani. Mama akanywa nusu chupa, na hali ikazidi kuwa mbaya. Mkaza mwana ndiye aliyesoma chupa, akakoroga vijiko vinne vya sukari katika maji na kumnywesha. Baada ya robo saa mama akaanza kuwatambua watu, alhamdulillahi.

Soda isiyo na sukari haipandishi sukari ya mwili. Ndiyo maana mgonjwa hupewa siku za kawaida, na ndiyo maana haifai kitu saa kama ile. Akiwa bado aweza kumeza, apewe maji ya sukari, asali, au nusu kikombe cha soda ya kawaida, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa amezimia, asitiliwe chochote kinywani, akimbizwe hospitalini. Na ikimtokea naye amefunga, afungue pale pale, asingojee adhana ya Magharibi, maana mgonjwa ana ruhusa yake katika sheria.

Jirani yetu sasa anaweka kikopo cha sukari na kijiko kando ya kitanda, na wajukuu wamekatazwa kukigusa. Harusi ya binti yake mdogo ni mwezi ujao, in shaa Allah. Ameagiza madafu kutoka Msambweni, na kreti mbili tu za soda kwa ajili ya watakaonung'unika.