Nyumba Iliyoingiwa na Maji

Mto Luama hupita katika nchi ya Kabambare, kisha huingia katika Lualaba, mto mkubwa wa upande wa Kasongo. Mvua zikizidi, mito hufurika, na maji huingia nyumbani mwa watu.

Nyumba nyingi za huko hujengwa kwa miti na udongo, au kwa matofali mabichi. Udongo hunywa maji kama kitambaa: ukichovya ncha yake tu, maji hupanda juu. Basi maji yakifika magotini, ukuta huloa kupita magoti. Chini hulainika, na hapo chini ndipo panapobeba nyumba nzima.

Maji yakiisha kuondoka, usikimbilie ndani kutafuta vyombo. Kwanza mtu mzima auzunguke ukuta. Akiona umeinama, au umemeguka chini, mtu asiingie.

Ukuta ukiwa imara, matope hutolewa, mfereji huchimbwa nje, milango na madirisha hufunguliwa mchana kutwa. Upepo ndio ukaushao. Moto mkubwa haufai: hukausha ngozi ya ukuta na kuipasua, ndani pakabaki tope.

Jua nalo hudanganya. Ukuta huonekana mkavu nje, kumbe moyoni una maji. Baba huchoma kijiti chenye ncha karibu na sakafu. Kikitoka na udongo mbichi, watu wasilale humo bado, wala wasikandike upya, maana udongo mpya hufunga maji ndani. Kukauka huchukua majuma mengi. Asiyengoja huweza kuangukiwa na ukuta usiku, akiwa amelala.